Wavutaji Sigara ni Wangapi Mtaani Mwetu?

  Vuta kigoda uketi karibu na redio. Kama una mtoto mgongoni, mfungue kidogo apate hewa, maana mazungumzo ya leo yanahusu hewa hiyohiyo anayoivuta.

Leo tutazungumza juu ya hesabu. Najua wengi wetu tuliiacha hesabu shuleni na hatujaitamani tena, lakini hesabu hii inafanyiwa mlangoni pako. Siku moja utabishiwa hodi na kijana au msichana mwenye kitambulisho shingoni. Atakusalimu, atajieleza, kisha atakuuliza kama katika nyumba hii kuna mtu anayetumia tumbaku. Jibu utakalompa, likichanganywa na majibu ya maelfu ya watu wengine, ndilo utakalokuja kulisikia baadaye kwenye taarifa ya habari: "Asilimia fulani ya Wakenya wanavuta sigara." Nataka tuione asilimia hiyo inavyopatikana na mahali inapoweza kuharibika, na tuone pia ni kitu gani hasa kinachomhusu mtoto wako ambacho hesabu hiyo haikionyeshi.

Pengine mama mmoja anauliza: kila mtu anajua sigara ni mbaya, ya nini kuhesabu wavutaji? Swali zuri. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kila mwaka tumbaku inaua watu zaidi ya milioni 7 ulimwenguni, na kati yao wamo watu wengi ambao wenyewe hawakuvuta, ila waliishi ndani ya moshi wa wengine. Kenya ilitia sahihi na kuidhinisha mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku tarehe 25 Juni 2004, na mwaka 2007 tukapata Sheria ya Kudhibiti Tumbaku. Sheria hiyo inakataza kuvuta sigara mahali pa umma, inakataza kumuuzia tumbaku mtoto aliye chini ya miaka 18, na inataka kila pakiti iwe na sigara zisizopungua 10. Maana yake ni kwamba kuuza sigara moja moja ni kosa. Lakini wewe na mimi tunapita kila siku mbele ya kibanda pale steji, na tunaona pakiti imefunguliwa na kiberiti kimening'inizwa kwa kamba kwa ajili ya wateja. Sasa, sheria imepunguza wavutaji au haikupunguza? Kama hatukuhesabu kabla na hatukuhesabu baada, tutabishana mpaka jioni na hakuna atakayemshinda mwenzake.

Basi tuhesabu. Chukua ploti moja ya vyumba 12, mfano tu, kama zile zilizojaa Nairobi. Ndani yake wanaishi watu 40. Watoto walio chini ya miaka 15 ni 18. Wanaobaki ni watu wazima 22, wanaume 10 na wanawake 12. Wanaovuta sigara ni wanaume 4, na kila mpangaji anawajua kwa majina. Je, uvutaji katika ploti hiyo ni asilimia ngapi?

Ukigawanya wale 4 kwa watu wote 40, utapata asilimia 10. Ukiwatoa watoto, ukagawanya kwa watu wazima 22, utapata asilimia 18. Ukigawanya kwa wanaume peke yao, utapata asilimia 40. Wavutaji ni walewale, hakuna aliyeongezwa wala aliyefichwa, lakini tuna namba tatu, na zote ni za kweli. Kwa hiyo ukisikia redioni kwamba uvutaji ni asilimia kadhaa, usishtuke wala usifurahi kabla hujauliza: kati ya nani? Ni watu wote au watu wazima? Wanaume na wanawake pamoja, au wanaume tu? Swali hilo dogo linawapita hata watu waliosoma sana.

Ploti moja tunaiweza. Jiji zima je? Katika sensa ya mwaka 2019, Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073. Sensa ilitaka kujua mambo mengi ya nyumbani kwetu, kama maji, choo na kazi tunayofanya, lakini sigara haikuuliza. Na kutuma watu wakamuulize kila mkazi wa jiji juu ya tumbaku peke yake ni gharama ambayo hakuna wizara itakayoikubali. Kwa hiyo watafiti hufanya kama unavyofanya wewe unapopika githeri. Huli sufuria nzima ili ujue kama chumvi imetosha. Unakoroga, unachota kijiko kimoja, unaonja.

Neno kubwa hapo ni kukoroga. Usipokoroga, chumvi imekaa chini, na kijiko cha juu kitakudanganya. Mtafiti anayekuja mtaani saa nne asubuhi siku ya Jumanne atawakuta akina nani? Atawakuta akina mama wenye watoto wadogo, wagonjwa na wazee. Wanaume wako kwenye mjengo, kwenye matatu, viwandani au sokoni. Akiwauliza wale tu aliowakuta, atarudi ofisini na habari njema kwamba karibu hakuna anayevuta. Mwenzake akienda Jumamosi jioni penye vilabu vya pombe, atarudi akilia kwamba jiji zima linateketea kwa moshi. Wote wawili wameonja bila kukoroga.

Utafiti mzuri hukoroga kwa kupiga kura. Kwanza maeneo huchaguliwa kwa bahati nasibu, kisha nyumba katika eneo lile, na ndani ya nyumba anachaguliwa mtu mmoja. Asipokuwepo, mhojaji hapaswi kumkamata jirani aliye karibu. Anatakiwa arudi jioni au siku nyingine mpaka ampate yuleyule kura ilimwangukia. Ndiyo sababu, mama, unaweza kuona msichana yule anarudi mara ya pili na ya tatu kumtafuta mume wako, ingawa wewe upo na uko tayari kujibu. Usiudhike na wala usimshuku vibaya. Anakoroga sufuria.

Mjini kazi hiyo ina ugumu wake. Kijijini orodha ya nyumba iliyoandikwa mwaka jana bado ina maana. Kwetu hapa mpangaji anahama usiku na kitanda chake, chumba kinagawanywa viwili kwa mabati, na ploti iliyokuwa na familia 12 sasa ina 20. Kama orodha ni ya zamani, watu wapya hawamo, na mara nyingi watu wapya ndio vijana waliokuja jijini kutafuta kazi, yaani walewale wenye uwezekano wa kuvuta sigara. Kituo cha utafiti wa afya na idadi ya watu cha APHRC kimekuwa kikifuatilia kaya za Korogocho na Viwandani hapa Nairobi tangu mwaka 2002, kikiandika nani amezaliwa, nani amehamia, nani amehama na nani amefariki. Mitaa hiyo miwili yote ni ya mabanda, lakini haifanani. Viwandani iko karibu na eneo la viwanda, na wengi waliofika huko walivutwa na vibarua. Korogocho ina familia nyingi zilizokaa muda mrefu. Mtu akiupima mmoja, akasema amepima mabanda yote ya Nairobi, mwambie arudi akapime na mwingine.

Tukiacha mambo ya nani aulizwe, tuje kwenye swali lenyewe. Ukimuuliza kijana, "Wewe ni mvutaji sigara?" atasema hapana. Anajua mvutaji ni yule mzee wa chumba cha mwisho anayekohoa usiku kucha. Yeye hununua sigara moja Ijumaa akiwa na marafiki, na nyingine akipokea mshahara. Kwake hiyo si kuvuta. Kwa sababu hiyo, utafiti uliotungwa vizuri huuliza hivi: kwa sasa unavuta tumbaku kila siku, unavuta lakini si kila siku, au huvuti kabisa? Sikiliza tofauti. Swali halimpi mtu jina baya, na yule kijana wa Ijumaa amewekewa mahali pa kujibia. Pia si vizuri kuuliza mtu anavuta pakiti ngapi kwa siku, maana mitaani kwetu watu wengi hawanunui pakiti. Uliza sigara ngapi.

Utafiti mkubwa wa tumbaku kwa watu wazima, ule unaofanywa na nchi nyingi kwa maswali yanayofanana, ulifanywa Kenya mwaka 2014. Walihojiwa watu zaidi ya 4,400 wenye umri wa miaka 15 na zaidi, mjini na mashambani. Matokeo yake yalionyesha kwamba watu wazima waliokuwa wakitumia tumbaku ya aina yoyote walikuwa asilimia 11.6, karibu watu milioni 2.5. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 19.1 na kwa wanawake asilimia 4.5. Ukiangalia kuvuta peke yake, wanaume walikuwa asilimia 15.1 na wanawake asilimia 0.8. Hata mtu mmoja katika kila wanawake mia hafiki.

Nawaona akina mama mnatabasamu. Subirini kidogo. Kama wanawake wanaovuta hawafiki hata asilimia moja, imekuwaje wanaotumia tumbaku wafike asilimia 4.5? Jibu liko kwenye kopo dogo ambalo nyanya analiweka kwenye pindo la leso. Ni ugoro. Utafiti uleule wa 2014 ulikuta kwamba tumbaku isiyo ya moshi, yaani ya kunusa, ya kutafuna na ya kuweka mdomoni, ilitumiwa na asilimia 5.3 ya wanaume na asilimia 3.8 ya wanawake. Turudi kwenye ploti yetu ya mfano. Katika chumba namba 7 kuna nyanya anayenusa ugoro kila asubuhi kabla ya chai. Ukiuliza juu ya sigara, nyanya hahesabiki. Ukiuliza juu ya tumbaku, wanaotumia si 4 tena, ni 5 kati ya watu wazima 22, na asilimia inapanda kutoka 18 hadi karibu 23. Kuna tafiti nyingine zinazomwacha nyanya huyo nje kabisa kwa sababu ya umri wake. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya, kwa mfano ule wa mwaka 2022, huwauliza wanawake wa miaka 15 hadi 49 na wanaume wa miaka 15 hadi 54. Ni utafiti mzuri sana kwa mambo ya uzazi, na ndiyo kazi yake kubwa, lakini mwenye ugoro wa miaka 65 hayumo.

Halafu kuna haya. Mwanamke wa mjini anayevuta sigara anajua atakavyoitwa. Mume wake yuko kando anasikiliza, mama mkwe yuko ndani, jirani amesimama kwenye kamba ya nguo akijifanya anaanika. Unategemea amjibu mgeni, "Ndiyo, navuta"? Atasema hapana, na mhojaji ataandika hapana. Kwa maoni yangu, ile asilimia 0.8 ni hesabu ya wanawake wenye ujasiri wa kusema, na wale wanaovutia chooni mlango ukiwa umefungwa sina hakika kwamba wote waliingia. Si kosa la watafiti. Wanafundishwa kumhoji mtu peke yake, lakini katika chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi, faragha utaitoa wapi?

Wengi wenu mtauliza, kwa nini tusiwapime kwenye damu tukamaliza ubishi? Vipimo vipo. Nikotini ya tumbaku ikiingia mwilini hugeuka kuwa kitu kinachoitwa kotinini, ambacho hukaa muda mrefu kuliko nikotini yenyewe na huonekana kwenye mate, mkojo na damu hata siku moja au mbili baada ya kuvuta. Tatizo ni kwamba kotinini haisemi ilitoka wapi. Nyanya wa ugoro atakuwa nayo pia. Kipimo kingine ni kupuliza kwenye mashine ndogo inayosoma gesi ya kaboni monoksidi katika pumzi. Hiki ni rahisi zaidi, lakini gesi hiyohiyo hutoka kwenye jiko la makaa. Mama aliyepika chapati asubuhi nzima ndani ya chumba kisicho na dirisha anaweza kupuliza mashine ikamtaja kuwa mvutaji, na maskini hajawahi kushika sigara. (Na hapa nawakumbusha: jiko la makaa lisilale ndani ya chumba mlicholala. Gesi hiyo haina harufu, na imeua familia nzima katika usiku mmoja.) Kwa sababu hizo, na kwa sababu ya gharama, hesabu kubwa za jiji na za nchi bado zinategemea kitu kimoja, mdomo wa mtu na ukweli wake.

Sasa nije kwa watoto wetu, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Mwaka 2013 vijana wa shule wenye umri wa miaka 13 hadi 15 waliulizwa juu ya tumbaku katika utafiti wa kitaifa. Waliokuwa wakitumia tumbaku ya aina yoyote walikuwa asilimia 9.9, wavulana asilimia 12.8 na wasichana asilimia 6.7. Chukua darasa la watoto 40 na ufanye hesabu, ni kama watoto 4. Linganisha na wanawake wazima waliosema wanavuta, asilimia 0.8. Wasichana wa miaka 13 hadi 15 waliosema wanavuta tumbaku walikuwa asilimia 4.0. Inawezekanaje msichana wa shule amzidi mama yake?

Yawezekana kabisa kwamba mambo yanabadilika, na wasichana wa siku hizi wanajaribu vitu ambavyo mama zao hawakuvijaribu. Lakini tazama pia walivyoulizwa. Hawakuulizwa nyumbani mama akiwa anaosha vyombo pembeni. Walijaza karatasi wenyewe darasani, bila kuandika jina. Hakuna aliyejua nani amejibu nini. Mtoto akipewa nafasi ya kusema bila kuchapwa, anasema. Sidhani kuna mama hata mmoja anayenisikiliza ambaye, akiulizwa mlangoni kama mwanawe wa darasa la nane anavuta, angejibu ndiyo. Angeapa. Na namba yetu ya watoto ingekuwa sifuri, safi kabisa, na ya uongo.

Hata hiyo asilimia 9.9 ina pengo. Ilipatikana shuleni, kwa hiyo watoto walioacha shule hawamo, wala wale wanaolala mitaani. Na tangu 2013 vimekuja vitu vingine. Kuna shisha, ambayo Wizara ya Afya iliipiga marufuku mwaka 2017 na bado inapatikana. Kuna sigara za umeme. Kuna vifuko vidogo vyeupe vya nikotini vinavyowekwa chini ya mdomo, havina moshi wala harufu ya tumbaku, na mtoto anaweza kukaa navyo mezani mkila pamoja usijue. Ukimuuliza kama anavuta sigara atakwambia hapana, na atakuwa amesema kweli.

Mpaka hapa tumezungumza juu ya wanaotumia tumbaku. Mtoto wako wa miezi minne hayumo katika hesabu yoyote kati ya hizi. Mtoto wa umri huo haulizwi, na angeulizwa angesema nini? Lakini kotinini ile niliyoitaja hupatikana kwenye mkojo wa mtoto mchanga anayeishi na mvutaji. Mwili wake umekwisha kuhesabu.

Katika kazi yangu ya kliniki ya watoto huwa nauliza kila mama aliyeleta mtoto mwenye kifua cha mara kwa mara, "Kuna mtu anayevuta sigara nyumbani?" Jibu la kwanza huwa ni "Hapana, sista." Nimejifunza kuligeuza swali. Nauliza, mnalala wangapi chumba hicho? Baba watoto anavuta? Shemeji je? Akivuta, huwa ameketi wapi? Hapo mama anacheka na kusema, "Ah, baba yake huvuta, lakini anavutia mlangoni." Mama huyo hakunidanganya. Kwake, mlangoni si nyumbani. Lakini upepo haujui kizingiti. Moshi wa mlangoni unaingia ndani, unakaa kwenye pazia, kwenye blanketi na kwenye shati ambalo baba anambebea mtoto. Katika nyumba kubwa yenye vyumba vitano moshi una mahali pa kutawanyika. Katika chumba kimoja unakaa nasi.

Moshi huo una kemikali zaidi ya 7,000, na angalau 70 kati yake zinajulikana kusababisha saratani. Mtoto mdogo anapumua haraka kuliko mtu mzima na mapafu yake bado yanakua, ndiyo maana anaumia zaidi. Watoto wanaoishi na wavutaji hupata nimonia, pumu na magonjwa ya masikio mara nyingi zaidi kuliko wenzao, na vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini huongezeka. Mama mjamzito anayevuta ana hatari kubwa ya kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo, na moshi wa wengine nao haumpi mtoto aliye tumboni afya. Ukiona mtoto anapumua haraka, kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, au ameshindwa kunyonya, usimpake chochote wala usingoje asubuhi. Mpeleke kituo cha afya.

Baba watoto utamwambiaje? Wengine wenu mtasema, "Sista, wewe huishi na huyo mtu." Ni kweli. Sitawaambia mgombane. Chagua wakati ametulia, usimwambie mbele ya rafiki zake, na usianze na sigara, anza na mtoto: "Baba fulani, leo kliniki wameniambia moshi unamzidishia kifua." Ombi la kwanza liwe dogo, avutie nje mbali na mlango na dirisha, anawe mikono na abadili shati kabla ya kumshika mtoto. Hilo halimalizi sumu yote, lakini linapunguza. Akiwa tayari kuacha kabisa, mwambie kwamba mwaka mmoja baada ya kuacha, hatari aliyojiongezea ya ugonjwa wa moyo inakuwa imepungua kama nusu. Wengi hawaachi kwa mara ya kwanza. Akirudia usimcheke, aanze tena. Simu ya bure ya NACADA ni 1192, naye mhudumu wa afya wa mtaani kwenu anaweza kumwelekeza.

Na yule mwenye kitambulisho shingoni akibisha hodi? Una haki ya kukiona kitambulisho chake, kuuliza ametumwa na nani, na kuambiwa majibu yako yatatumika kwa kazi gani. Una haki ya kukataa kabisa, au kuruka swali moja. Jina lako halipaswi kuonekana kwenye matokeo. Yeye hapaswi kukuomba pesa, wala kukuahidi chandarua au unga ili ujibu. Kama watu wamejaa chumbani, mwombe mtoke nje mkaongelee kando ya maji, au arudi wakati mwingine. Kura ikimwangukia mwanao wa miaka 16, utaombwa ruhusa kwanza. Ukikubali, muache azungumze peke yake. Usimame mbali kiasi cha kutosikia, hata kama roho inakuwasha. Na akikuuliza wewe kama kuna anayevuta ndani ya nyumba, mhesabu na anayevutia mlangoni.

Nyanya mwenye kopo la ugoro, nawe usilifiche. Sema tu. Hakuna atakayekunyang'anya.

Nimefika mwisho wa muda wangu. Juma lijalo, siku na saa kama hii, tutazungumza juu ya jiko la makaa na kikohozi cha watoto, na jinsi ya kupitisha hewa katika chumba chenye dirisha moja. Njoo na kalamu na karatasi. Kwaherini.